Kadi za Pokémon zimejipinda, na moja kaigawa shuleni

Kutoka: Mama Zuu, Reading

Ndugu zangu wa listi hii ya Uingereza, habari za baridi. Swali langu safari hii si la viza wala la kontena, mtanivumilia. Mdogo wake Zuu ana miaka tisa na ana kadi za Pokémon, zile za katuni ambazo watoto wanachezea na kubadilishana, kama mia nne. Alikuwa anaziweka kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na kitanda chenyewe kimeegemea ukuta wa nje. Jana navuta boksi nifagie, nakuta zile za kung'aa zimejipinda kama chapati iliyosahauliwa mezani, na boksi kwa nyuma lina madoa ya ukungu. Kalia mpaka kwikwi.

La pili. Wiki iliyopita kabadilishana na mwenzake shuleni. Katoa Charizard, kapewa Charizard nyingine na kadi tano juu. Yeye anahesabu faida. Binamu yake mkubwa alipoonyeshwa picha ya ile iliyoondoka akashika kichwa. Mimi kwangu zote ni joka. Je, zinanyooshwaje, na je, nimfuate mama wa yule mtoto au nitajiaibisha?

———

Kutoka: Baba Neema, Leeds

Mama Zuu, pole. Kwanza kabisa: usizipige pasi. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilipiga, kitambaa juu, moto mdogo, nikijiona fundi. Ile ngozi ya kung'aa ilibanduka ikabaki kwenye kitambaa. Usiziweke juu ya hita pia.

Kinachozipinda ni hewa ya nyumba. Kadi ya kung'aa ni karatasi iliyogandishwa utando kwa mbele. Karatasi ikinyonya unyevu inatanuka, utando hautanuki, basi kadi inajikunja kuelekea upande wa picha. Hewa ikikauka mno inajikunja upande wa pili. Kwa hiyo hata ukizinyoosha leo, ukizirudisha chini ya kile kitanda zitapinda tena kabla ya Pasaka.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha betri, hakifiki hata pauni 15. Kadi zinapenda asilimia 40 hadi 50. Chumba cha binti yangu kilisoma 71 siku tuliyoanika nguo ndani na madirisha tumefunga. Sote tunafanya hivyo Desemba, nani atafungua dirisha? Ukuta wa nje ni baridi, mvuke wa nguo na wa sufuria unakwenda kutua pale pale nyuma ya kitanda. Hamisha boksi liende ukuta wa ndani, juu kidogo ya sakafu. Darini usipeleke, huko baridi na joto vinapokezana.

Za kunyoosha: kila kadi kwenye kifuko chake laini, zipange bapa, juu weka vitabu vizito, vyote ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Humo tupia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vimeandikwa usile. Wiki mbili usiguse. Nyingi zitanyooka, si zote. Zenye ukungu zitenge leo leo, na usizifute kwa kitambaa kibichi.

Halafu vifaa. Kifuko laini, watoto wanaita slivu, ni senti tu. Kadi ya maana inaingia kwenye slivu kwanza, ndipo iingie kwenye kile kigumu, toploda. Ukiitumbukiza kavu kavu kwenye toploda itakwaruzika wakati wa kuingia na kutoka. Albamu tafuta isiyo na pete za chuma, maana pete zinabonyeza kadi za karibu yake na kuacha alama, na vifuko vyake viwe vinaingizwa kwa ubavuni ili kadi zisidondoke albamu ikigeuzwa. Soma kibandiko: ikiwa plastiki ya polipropilini, sawa; ikiwa PVC, rudisha rafuni. PVC utaijua kwa pua, inanuka kama pazia jipya la bafuni, na miaka ikienda inatoa utomvu unaonata kwenye kadi. Mipira ya kufungia hela, marufuku. Hiyo inakula kingo.

———

Kutoka: Mzee wa Coventry

Samahanini. Karatasi hizi zinanunuliwa kipima hewa, na sisi wenyewe tunalala na kikohozi?

———

Kutoka: Baba Neema, Leeds

Mzee shikamoo. Kipima ni kimoja, kikohozi nacho kitafaidika.

———

Kutoka: Salim, Leicester

Shikamoo Mama Zuu. Mimi ninacheza na ninauza kidogo, naomba nijibu la Charizard.

Mwambie dogo akuonyeshe namba ndogo chini pembeni. Seti inayoitwa 151, ya mwaka 2023, ina Charizard ex wa aina tatu. Yupo 006/165, yupo 183/165, yupo 199/165. Jina moja, nguvu zile zile. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, yaani 199 katika seti ya 165, hiyo ni ya siri, ni adimu. 006 unaipata kwa pauni chache. 199 safi inavuka 100. Watoto wanaangalia nguvu iliyoandikwa juu na wanaangalia nani anang'aa zaidi, ndiyo maana wanapigwa. Nahisi dogo katoa 199 kapokea 006. Nipe jibu.

Kwa zile za zamani kuna nembo: duara ni ya kawaida, almasi ni ya kati, nyota ni adimu. Zile za mwanzo kabisa za Kiingereza, za 1999, ukiona muhuri wa duara wenye namba 1 kushoto chini ya picha, nyamaza kwanza, kisha nipigie.

Bei usiangalie wanayoomba watu, mtu anaweza kuomba bei ya gari. Kwenye eBay chuja zilizokwisha kuuzwa. Cardmarket, soko la kadi la mtandaoni, nayo ni nzuri, ila wauzaji wengi wako Ulaya, na tangu Uingereza itoke kwenye Umoja wa Ulaya mzigo unaweza kukutana na ushuru. Kulipa, usikubali ile njia ya PayPal ya marafiki na familia hata muuzaji akiapa kwa mama yake, maana hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Ukiuza ya bei, tuma kwa Special Delivery ya Royal Mail. Utepe wa gundi usiubandike moja kwa moja kwenye toploda. Kunja ncha yake iwe kishikio, la sivyo mnunuzi atauchokonoa kwa kisu.

Za bandia: zile za dhahabu tupu zinazouzwa pakiti nzima kwa bei ya chipsi ni za kuchezea, zote. Nyingine, weka tochi ya simu nyuma ya kadi, linganisha na moja ya zama zile zile unayojua ni halali. Halali ina tabaka jeusi katikati, mwanga hupita kwa shida. Bandia nyingi zinawaka kama taa ya kandili. Na usione aibu kudanganywa: Logan Paul, yule nyota wa YouTube, alilipa dola milioni 3.5 kwa kasha la boksi za kadi za Pokémon za 1999 lililokuwa limekaguliwa na wataalamu, Januari 2022 likafunguliwa Chicago, ndani zikatoka kadi za G.I. Joe, wale wanajeshi wa kuchezea.

Kuhusu yule mama, nenda. Ila nenda na zote sita mkononi, umrudishie kila kitu kabla hujaomba chochote.

———

Kutoka: Bi Rukia, Muscat

Mlisahau kuniondoa kwenye listi hii nilipohama Birmingham, na bado nasoma. Wanaokwenda Mombasa, Zanzibar au wanaokuja huku: kadi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na mkifika msizifungue papo hapo. Kitu kilichotoka kwenye kiyoyozi kikikutana na hewa ya pwani kinatoa jasho kama chupa ya soda. Acheni boksi limefungwa masaa kadhaa lizoee. Na kwenye gari juani, hata dakika kumi, msithubutu. Mjukuu wangu kashajifunza.

———

Kutoka: Mama Zuu, Reading

Nimerudi. Salim, ilikuwa 199, umepiga mle mle.

Nimekwenda jana jioni na bahasha yangu na sahani ya kaimati. Yule mama kafungua mlango kwa wasiwasi, akadhani nimekuja kwa habari ya chawa, maana shule ilituma barua. Nikamweleza namba, nikamwonyesha simu, naye akacheka akaita mtoto. Kadi ilikuwa dirishani, imebandikwa kwenye kioo kwa ile gundi laini ya bluu, inatazama jua, kama picha ya harusi. Nyuma imebaki doa la mafuta la mviringo, na kona moja ya chini imeanza kuwa nyeupe. Mtoto kaitoa bila ubishi. Alichoomba ni kwamba ile 006 yake asirudishiwe na mwanangu bali aiteue mwenyewe ndani ya boksi, kwa sababu mwanangu anazo mbili na moja ina mkwaruzo. Wakazipekua pale kwenye zulia robo saa nzima, wakizigeuza kwenye taa kama wakaguzi wa benki.

Binamu anasema lile doa limeshusha bei nusu. Mwenyewe hajali, kailaza na ile toploda chini ya mto.

Kipima kimefika. Chumba cha watoto kilisoma 68. Nimehamisha kitanda, nimefungua dirisha kila asubuhi, leo ni 57. Baba Neema, nguo sasa nianike wapi?