Jina LEO kwa mtoto wa kiume, limetokea wapi?

Mzee_wa_Tandika
Wakuu habari za saa hizi. Wife anakaribia kujifungua na ameshaamua, akiwa wa kiume ataitwa Leo kama Papa. Bi mkubwa wangu kasikia kagoma kabisa, anasema mtoto gani wa kuitwa leo, watu watagonga mlango waulize "Leo yupo?" wajibiwe "leo hayupo", si vurugu hiyo. Mi sina neno na jina ila nataka nijue asili yake nipate cha kumjibu mama. Na je ni kifupi cha Leonard au linajitegemea?

chapati_maji
Linajitegemea mkuu. Ni Kilatini, maana yake simba, na Walatini nao walilitoa kwa Wagiriki wanaosema leon, ndo unampata yule mfalme wa Sparta, Leonidas, aliyefia Thermopylae mwaka 480 kabla ya Kristo. Mapapa ndo wamelipenda sana, Leo wa 1 ndo yule alitoka kwenda kuonana na Attila, mfalme wa Wahun, mwaka 452 ili asiivamie Roma, Leo wa 13 akaandika ule waraka wa haki za wafanyakazi 1891, na huyu wa sasa wa 14, mzaliwa wa Chicago aliyechaguliwa Mei 2025, alisema mwenyewe kachukua jina hasa kwa ajili ya huyo wa 13. Warusi wanasema Lev, hata yule mwandishi Tolstoy kwao ni Lev, huku nje ndo anaitwa Leo.
Ila kuna kina Leo wengi tu wa kufupisha, Messi ni Lionel, DiCaprio ni Leonardo, wote simba huyohuyo.

Mama Naa
Msimtie Leopold humo jamani 😅 hilo la Kijerumani cha kale, ni watu na ushujaa, simba hayumo kabisa. Rais Senghor wa Senegal alikuwa Léopold.

mtoto wa gerezani kkoo
Bi mkubwa mwambie uswahilini tumejaa kina Juma, Hamisi na Jumanne na hakuna anayepotea siku. Halafu kina simba tunao kitambo, Haidari, Abasi, Usama, yote Kiarabu ni simba, Waturuki wana Aslan, na Singh ya Masingasinga ni simba pia. Swali ni moja tu, wewe Yanga au?

Mzee_wa_Tandika
Yanga damu mkuu 😂😂 hapo umenimaliza, hiyo hoja bora mama asiisikie maana naye mwananchi

chapati_maji
Kingine, amueni mapema ni Leo au Leonard, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kifanane na cha ubatizo na jina la shule, maana huko mbele kwenye kitambulisho cha NIDA na pasipoti yakitofautiana ni kwenda kwa wakili kula kiapo