Naomba ushauri: urani ya Namtumbo na dago letu Mafia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sie wavuvi wa Pemba twenda dago (kambi ya muda ya uvuvi) Mafia, mkabala na delta ya Rufiji. Kuna mradi wa urani Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Maji ya Mkuju huishia Mto Luwegu, nao Luwegu na Kilombero ndio wanaozaa Rufiji.

Aprili 2024 Rufiji ilifurika vibaya, Mei kikaja kimbunga Hidaya. Mvua kama ile ikijaza bwawa la mabaki ya mgodi, je? Bwawa kama hilo la mabaki ya urani, la Church Rock, Marekani, lilibomoka 1979 hata bila dhoruba, sumu ikaingia mtoni. Wengine wanasema bwawa la umeme la Nyerere, lililoko Rufiji, litazuia tope la mgodi. Mie sijaridhika, maji yenyewe yatapita tu.

Wajuzi wa migodi, tukiwaandikia NEMC (baraza la taifa la mazingira) tudai vipimo gani hasa?