Re: Kifaa cha kukinga gari na mpigo wa sumakuumeme, ninunue?

Kutoka Phoenix:
Habari za leo wapendwa. Kuna mtu hapa mtaani anauza kidude cha kufunga kwenye betri ya gari, dola 300. Anasema bomu la nyuklia likilipuka angani litatoa mpigo wa sumakuumeme, yaani wimbi kali la ghafla la umeme na sumaku, na magari yote yatazimika, ila lenye kidude litawaka. Mume wangu anasema hakuna kitu kama hicho, ni hadithi tu. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kutoka Albuquerque:
Salama dada. Mwambie shemeji mpigo upo, tena umeshapiga. Tarehe 9 Julai 1962 Wamarekani walilipua bomu la megatoni 1.4, kilomita 400 juu ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Johnston. Honolulu iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka pale, na bado taa za barabarani kama 300 zikazimika. Vyombo vingi vya kupimia vilivyokuwa vimetegwa vilizidiwa, kwa sababu mpigo ulikuja mkubwa kuliko walivyokadiria.

Mwaka uliofuata mkataba ukapiga marufuku kujaribu mabomu ya nyuklia angani. Sasa utaupimaje? Mpigo huu hupanda ndani ya nanosekunde chache na umebeba masafa (frikwensi) mengi kwa pamoja, wakati antena ya kawaida husikia kipande tu, kama redio iliyotegwa kwenye stesheni moja. Hapa kwetu, kwenye kambi ya jeshi la anga ya Kirtland, mhandisi Carl Baum akabuni vihisi ambavyo umbo lake lenyewe linakupa hesabu: ukijua vipimo vya chuma kilivyokatwa, unajua kitasoma nini. Mimi naiheshimu sana kazi ile. Tangu 1964 akawa anatoa mfululizo wa maandiko, na wahandisi wanayatumia hadi leo.

Kisha wakajenga mitambo ya kuuigiza mpigo. Mkubwa kuliko yote, Trestle, ulikamilika 1980: jukwaa la mbao tupu, hata bolti na nati ni za mbao, maana chuma kingeuvuruga mpigo. Ndege nzima ya kivita aina ya B-52 ilisukumwa juu yake ikapigwa. Ukija kututembelea kwa ndege, chungulia dirishani karibu na kutua. Bado umesimama.

Kwa hiyo muulize muuzaji: kilipimwa wapi, kwa volti ngapi kwa mita? Kipimo kinachotumika ni 50,000. Halafu nyaya za gari zimetapakaa kuanzia taa za mbele hadi buti, na kila waya ni antena. Kidude cha kwenye betri kitazikinga vipi?

Kutoka Phoenix:
Asante sana kaka. Nimemuuliza. Karatasi yake imeandikwa "kimethibitishwa", namba hakuna hata moja. Sinunui. Ila radi za Julai huku zimeshaniunguzia friji moja, hizo nifanyeje?

Kutoka Albuquerque:
Hapo hela itumie. Tafuta fundi umeme mwenye leseni akufungie kikinga-radi kwenye mein swichi ya nyumba, na mwambie aangalie waya wa ethi kwanza. Ukiwa umelegea, kikinga hakitakusaidia.