Mrejesho: majibu ya baba ya damu iliyojificha kwenye choo

Wakuu, niliuliza kama kukutwa na damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo kikubwa ndiyo saratani. Si lazima. Kipimo kinasema damu ipo, hakisemi inatoka wapi: vidonda vya tumbo, bawasiri, minyoo ya safura, au kweli saratani. Kuna walioshauri turudie kipimo kwanza. Daktari alikataa katakata, kwa sababu uvimbe huvuja kwa vipindi, leo damu ipo, kesho hamna, mkajidanganya. Mzee akaingizwa kamera utumbo mpana. Kimekutwa kinyama, kikakatwa palepale, na maabara wamesema si saratani ila kingeweza kugeuka huko mbele. Kazi ilikuwa ile dawa ya kusafisha tumbo, mzee alinuna usiku kucha! Atarudi kuchunguzwa tena. Asanteni sana.