Tupeane uzoefu: Siku uliyoliacha gari nyumbani ukapanda basi

Mtoa mada
Wakuu, habari za foleni. Nakaa Kibamba, nje kidogo ya Dar es Salaam, kazi Posta, katikati ya mji. Miaka minne nimekwenda mjini na kigari changu, natoka saa 10 na nusu alfajiri kuiwahi foleni ya Kimara, nikifika nalaza kiti nalala mpaka ofisi ifunguliwe. Siku gari liko gereji ikabidi nipande mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake. Pale Ubungo nikachungulia dirishani: magari yamebanana, kila moja kichwa kimoja. Mmoja ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, anamenya muhogo juu ya usukani. Nilimpita hata hajameza.

Nikapiga hesabu. Lile basi refu lenye kiungo katikati hubeba watu kama 150. Tupe kila mtu gari lake, mita 5 na nafasi kidogo mbele, foleni inakaribia kilomita nzima. Kwa hiyo hoja yangu ni moja: lami igawiwe kwa idadi ya watu, sio ya bonneti. Leteni visa vyenu, hata vibaya.

Konda Mstaafu
Nimepiga debe Gongo la Mboto miaka tisa. Mnatulaumu kukatisha ruti, ila hesabu ya tajiri, ile hela ya mwenye gari ya kila siku, haijui foleni. Asubuhi ambayo tungepiga tripu nne tunapiga mbili, halafu saa 5 barabara nyeupe na abiria hakuna. Utafidia wapi? Unageuza gari njiani, watu wanatukana, unavumilia. Tungepewa njia yetu, gari zilezile zingebeba karibu mara mbili, bila kununua hata tairi. Watu wanadhani shida ni uchache wa magari tu.

Mama Wawili
Mimi jioni nageuza na daladala. Napandia vituo viwili kabla, gari likiwa linaingia Kariakoo, nauli nalipa mara mbili ili mtoto akae. Likisimama mwisho wa gari vijana wanaingilia madirishani, begi linatangulia, mwenyewe anafuata. Nilishapigwa kiwiko cha jicho, kesho yake ofisini wakaniuliza nyumbani kuna amani?

Wa Kasarani
Salamu kutoka Nairobi. Sisi Thika Road tulichorewa mstari mwekundu 2018, tukaambiwa hiyo leni ni ya mabasi. Rangi ilikuja, mabasi hayakuja. Nyinyi angalau mliona yakianza kutembea 2016. Msiwaachie bodaboda hiyo njia.

Mwana Kagera
Msisahau mikoani. Vijana mliozoea basi la usiku hamjui tulikotoka, ruhusa imerudi Oktoba 2023 baada ya miaka karibu 30. Kabla ya hapo niliwahi kupigiwa simu ya msiba wa shangazi, nikadaka basi asubuhi yake, usiku likazuiwa njiani tukalala vitini. Nilikuta kaburi limeshafukiwa, watu wanakula.

Kinachonikera mpaka leo ni mizani ya barabarani, ile ya kupima uzito wa magari. Basi lina watu zaidi ya hamsini, limepanga mstari nyuma ya malori ya saruji. Likifika kupima, konda anapaza sauti: "Wa nyuma sogeeni mbele, ekseli imezidi!" Tunabanana koridoni kama magunia, likishuka tu kila mtu anarudi kitini. Kama mizigo inaharakishwa bandarini, basi nalo lipewe mlango wake.

Bishoo wa Mbweni
Mtoto akishikwa na homa saa 8 usiku utasubiri mwendokasi?

Mtoa mada
Mkuu, gari lako baki nalo. Usiku huo barabara yote ni yako. Tunaongelea saa 1 asubuhi, wewe peke yako na kiyoyozi. Na tusidanganyane, njia ya basi bila mabasi ya kutosha ni uwanja wa mpira tu. Nimesimama kituoni mpaka soksi zikalowa jasho. Lakini likija linakwenda, hilo ndilo gari langu halijawahi kunipa.

Konda Mstaafu
Mbweni huko hata daladala hamzitaki zipite karibu, mtajuaje?

Mgeni (uzi wake wa kwanza humu)
Mtoa mada, huyo wa muhogo ni mimi. Kesho unatoka saa ngapi?