Bunduki yangu ya .22 imeanza kutawanya risasi tangu nibadilishe darubini. Nianzie wapi?

KitakoChaMti

Wakuu, hamjambo. Nina miezi minane tu kwenye mchezo wa shabaha, kwa hivyo mnivumilie. Niko Nairobi, cheti ninacho, na bunduki ni CZ (kiwanda cha Kicheki) ya .22 LR, ile risasi ndogo, ya bolti ya kuvuta kwa mkono, kitako cha mti. Niliipata kwa mzee mmoja aliyeacha kulenga kwa sababu ya macho, na uhamisho tukaufanya kisheria.

Ilivyokuwa mwanzo, ukilala kifudifudi na kuiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, risasi tano zinaingia kwenye duara la milimita 18 kwa mita 50. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sherehe. Mwezi wa nne nikaona nijipendekeze: nikaweka darubini kubwa ya kuvuta mara 16, nikabadilisha na pete zake. Tangu hapo ni vurugu. Risasi mbili za kwanza zinakaa pamoja, ya tatu inapanda kulia, ya nne sijui imeenda kumwona nani. Kundi limefika milimita 45. Nimezungusha vidude vya darubini vya kurekebishia shabaha hadi vidole vinauma. Juu ya hayo, maganda yameanza kung'ang'ania chemba, pale risasi inapokaa, lazima nivute bolti kwa nguvu.

Duka moja mjini wameniambia mtutu umekwisha, ninunue mwingine pamoja na triga ya mashindano. Bei waliyonitajia ni karo ya muhula mzima. Nifanyeje?

Mzaha_Mtupu

Kilichokwisha si mtutu, ni mpigaji. Badilisha huyo kwanza.

ShangaziWaShabaha

Mzaha, ngoja zamu yako.

Kitako, mwanangu, usinunue kitu. Mtutu wa .22 hauchakai hivyo. Kichwa cha risasi yake ni cha madini laini ya risasi na kimepakwa nta, haina joto wala presha ya bunduki kubwa. Kuna mitutu iliyopigishwa maelfu kwa maelfu ya risasi na bado inashinda mashindano. Na ujue mtutu si kama betri ya gari, ni sehemu ya silaha. Kabla hujafikiria kuubadilisha, Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo ya kuulizwa, si mwenye duka.

Sasa nijibu. Unapiga risasi gani? Mara ya mwisho umesafisha lini, na kwa kupitia wapi? Darubini ulifunga mwenyewe? Na mvua hizi, bunduki inakaa wapi?

KitakoChaMti

Shangazi, shikamoo.

Risasi nilibadilisha pia, nimesahau kusema. Zile za mwanzo ziliisha, nikachukua za mwendo kasi, boksi limeandikwa mita 380 kwa sekunde. Kusafisha, sijawahi. Niliambiwa .22 haisafishwi. Darubini nilifunga mwenyewe kwa ufunguo mdogo uliokuja nayo, nikakaza hadi ikagoma. Bunduki iko kwenye sefu, na sefu imeegemea ukuta wa nje ambao msimu wa mvua unatoa jasho.

ShangaziWaShabaha

Umeona? Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kisha unataka kujua ni kipi kilichoharibu.

Rudisha risasi kwanza. Mwendo wa sauti ni kama mita 340 kwa sekunde. Hizo zako zinatoka mtutuni zikiwa juu ya hapo, halafu njiani zinapungua mwendo na kuvuka mpaka wa sauti, na hapo ndipo zinapoyumba. Risasi za shabaha zinatengenezwa zianze chini ya mwendo wa sauti, kama 320 hadi 330. Zikianza chini hazina mpaka wa kuvuka. Ukibadilisha aina, piga kumi au ishirini bila kuhesabu, mtutu uzoee nta mpya, ndipo uanze kupima.

Na vile vidude usiviguse. Kama ni vya robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii), mlio mmoja wa kidude unahamisha risasi milimita 3.6 kwa mita 50. Ukifukuza kila risasi, unahamisha kundi lote kila mara na hutajua bunduki inafanya nini. Piga kumi bila kugusa, hata zikitua pabaya.

FundiWaNyaya

Naongezea ya Shangazi. Mimi ni fundi wa umeme, bunduki ni burudani tu, lakini skrubu ni skrubu.

Toa noti ya mia, izungushe chini ya mtutu karibu na ncha ya mti, halafu ivute polepole kurudi nyuma kuelekea bolti. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea. Ikikwama, mti umegusa chuma. Na mti unaokaa karibu na ukuta wenye jasho unavimba, hiyo haihitaji digrii.

Jaribio la pili: toa bolti na magazini, hakikisha chemba haina kitu, angalia kwa macho kisha kwa kidole. Simamisha bunduki kwa kitako. Weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mti, nusu juu ya chuma, nusu juu ya mti. Kwa mkono mwingine legeza skrubu ya mbele inayoshika chuma kwenye mti, kisha ikaze tena. Kidole kikihisi mtutu unajongea, basi chuma hakijalala vizuri, kila ukikaza unakipinda.

Wengine watakwambia ni joto la mtutu. Sidhani. Risasi tano za .22 hazichemshi hata chai. Kinachosogea ni kitu kilicholegea.

Tafuta bisibisi ya kupima nguvu, hata ya kuazima. Pete nyingi za darubini zinataka kati ya Nm (newton-mita) 1.7 na 2.3. Za kushika chuma kwenye mti, fuata kitabu cha bunduki yako. "Hadi ikagoma" si kipimo.

Kamanda_Rongai

Mimi nilisugua triga yangu kwa tupa na msasa, ikawa laini kama siagi. Jaribu hiyo kabla ya haya mengine, ni bure.

ShangaziWaShabaha

Kamanda, hapana. Ile ngozi ngumu ya chuma kwenye kishikizo cha triga ni nyembamba sana. Ukiipita kwa tupa, siku moja unafunga bolti na bunduki inafyatuka yenyewe. Triga ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Na usije kulenga kwenye mstari mmoja na mimi ukiwa na hiyo siagi yako.

Jicho_Moja

Hakuna aliyegusa darubini yenyewe. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kiwandani kwa yadi 100, yaani mita 91. Ukiitumia kwa mita 50, jicho likihama kidogo, msalaba wa kulengea ulio ndani yake nao unahama juu ya shabaha. Kama lenzi ya mbele ni milimita 40, kosa linaweza kufika milimita 9. Duara la alama kumi la shabaha ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4. Fanya hesabu.

Jaribu hivi: funga bunduki itulie kwenye mifuko, usiiguse, sogeza kichwa juu na chini. Msalaba ukicheza, zungusha gurudumu la umbali hadi utulie. Darubini ya mara 16 kama yako kwa kawaida inalo, pembeni au mbele. Usiamini namba zilizochorwa, amini jicho.

KitakoChaMti

Wakuu, nimerudi. Jumamosi yote nilikuwa kwenye hii kazi.

Noti ilikwama upande wa kushoto, vidole viwili kutoka nchani. Skrubu ya pete ya mbele ilizunguka robo nzima kabla ya kushika, ile ya nyuma ilikuwa imekazwa hadi imeacha alama kwenye darubini. Gurudumu la umbali lilikuwa kwenye alama ya mwisho kabisa. Aibu.

Maganda: nilitoa bolti, nikaingiza brashi ya shaba kutoka nyuma, na mafuta ya kusafisha nikayaacha dakika kumi. Kitambaa cha kwanza kilitoka kama nimefuta sufuria ya kuni. Kulikuwa na pete ya masizi ngumu mbele ya pale ganda linapoishia. Sasa bolti inafunguka kwa vidole viwili.

Sasa naomba ruhusa yenu nisugue mti.

FundiWaNyaya

Usisugue bado! Bunduki zingine zilitengenezwa makusudi mti uguse mtutu kwa nguvu fulani. Hamisha sefu kwanza, mti ukauke wiki mbili tatu, upime tena. Kisha kata kipande cha kadi, kibane kati ya mtutu na ncha ya mti, piga kundi. Kitoe, piga lingine. Kadi inatoka, mti uliosuguliwa haurudi.

KitakoChaMti

Wiki tatu baadaye. Sefu iko ukuta wa ndani, noti inapita hadi mwisho. Kwa kadi, milimita 24. Bila kadi, 16. Mti sijaugusa, triga sijaigusa, karo imelipwa.

Kimebaki kitu kimoja. Katika kila kumi, tisa zinakaa na moja inatoroka kushoto chini, karibu kila mara ya saba au ya nane. Ni risasi mbovu boksini?

ShangaziWaShabaha

Risasi mbovu haingojei ya saba. Hapo umechoka, umeshika pumzi kupita kiasi na unavuta triga kwa haraka umalize. Pumzika baada ya ya tano, nyanyua shavu, lala upya.

Mzaha_Mtupu

Mimi nilisema nini?