Hii "asap" yenu itaniua, watu wa Kisumu

Omera leo nimechoka wacha niseme. Niko na kaduka ka kuprinti huku Kibuye, kadi, mabango, programu za mazishi, na kila kazi inayoingia WhatsApp imeandikwa ASAP. Kila moja! Sasa kama zote ni asap nianze na gani?

Na hilo neno hata hamlielewi, mnalipuliza tu kama firimbi ya refa. Ni kifupi cha "as soon as possible", yaani mara tu itakapowezekana, wanajeshi wa Marekani ndio walilizoea huko miaka ya 1950, na hata hao na ukali wao waliibakisha hiyo P ya "possible" pale mwisho. P ndiyo mimi sasa! Stima ikipotea tangu saa nne haiwezekani, si ati nimekataa. Lakini nyinyi mnasoma A, S, A mnaishia hapo. Mkitaka la kubana mtu si kuna "urgent", hilo limetoka Kilatini, urgere, kusukuma, basi andika hilo nijue nasukumwa.

Wiki mbili zimepita dada mmoja wa kadi za harusi akanitumia ASAP na alama saba za mshangao, voisi tatu usiku. Nikaweka kando kazi nyingine nikakesha, saa kumi na mbili asubuhi nampigia ziko tayari, ananiambia sawa nitatuma mtu wa boda. Mpaka leo kadi ziko hapa zinakula vumbi, balansi hajatuma, juzi nampigia tena ati harusi ni Disemba. DISEMBA.

Na ile kazi niliweka kando mnajua ilikuwa ya nani? Mzee wa Ahero, programu za kumzika ndugu yake. Huyo hakuandika asap, hakupiga kelele, alisema tu "kijana wangu, tunatoa mwili mochari Ijumaa saa tatu, ukiweza." Nikampa saa nne na nusu, watu wamekaa kwa basi wanangoja. Akahesabu, akalipa yote, akasema asante sana. Hiyo asante ndiyo bado inaniuma, heri angenitukana.

So kuanzia leo ukiniandikia asap bila siku, bila saa na bila deposit, unaenda nyuma ya laini. Na wewe wa Disemba kama unasoma hii, kujia kadi zako.